Besi, Midi, Trebo: Fender, Marshall, Vox au Roland kwa Mpiga Solo wa Kisumu?

Amplifaya nne zikipangwa sakafuni, zote zinaweza kuwa na nobu zilezile mbele: besi (sauti nzito za chini), midi (za katikati), trebo (kali za juu). Mnunuzi huuliza wati, huuliza bei, huzungusha kila nobu hadi katikati, hupiga gitaa kidogo, na sauti ikimpendeza analipa. Namwomba asubiri. Nobu zenye jina moja hufanya kazi tofauti kutoka saketi moja hadi nyingine, na kwa mtu anayepiga solo ya benga, muziki wa gitaa wa Waluo, huko Kisumu, Siaya au Homa Bay, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama gitaa lake litasikika au litazama katikati ya besi na dramu.

Nalinganisha familia nne ambazo mpiga gitaa hawezi kukosa kukutana nazo, iwe ni amplifaya halisi, iwe ni nakala ya bei nafuu, iwe ni mashine ya kidijitali inayoziiga: Fender ya mtindo wa miaka ya 1960, Marshall, Vox yenye Top Boost, na Roland Jazz Chorus. Baadaye kidogo nitawageukia wenye gitaa kavu na wale wanaochomeka moja kwa moja kwenye miksa, kwa sababu wao wanahitaji kitu kingine kabisa. Swali ninaloliuliza kila amplifaya ni moja: inaifanyia nini midi?

Gitaa linakaa wapi

Uzi mnene kabisa wa gitaa ukipigwa wazi hutoa hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde. Uzi mwembamba ukipigwa wazi hutoa hezi 330, na ukiubonyeza kwenye freti ya 12 unafika 659. Hata freti ya 22, mwisho wa shingo kwenye magitaa mengi ya umeme, ni kama hezi 1,175 tu. Noti zenyewe, basi, zote ziko kati ya 80 na 1,200. Juu ya hapo kuna ukali wa kucha au plekta, mng'ao wa uzi, na yale makali yanayoufanya mdundo wa noti utambulike. Spika ya gitaa ya inchi 12 huanza kuishiwa nguvu karibu na hezi 5,000, kwa hiyo yaliyo juu zaidi hayakuhusu sana.

Sasa weka bendi pembeni. Gitaa la besi linaanzia hezi 41, na kwenye benga besi haikai nyuma kusubiri. Inatembea, inapanda, inaingia hadi kwenye nyumba ya gitaa la ridhimu. Matoazi ya dramu yamekalia juu. Mwimbaji yuko katikati, na solo inamjibu kila anapopumua. Wazee walioijenga benga kando ya Ziwa Victoria walichukua vidole vya nyatiti, chombo cha nyuzi nane, wakavihamishia kwenye gitaa: noti mojamoja, za haraka, kila moja ikisimama peke yake. Sikiliza rekodi za D.O. Misiani na Shirati Jazz, au za George Ramogi. Solo ni safi, haikwaruzi, na noti zinahesabika hata kasi inapopanda.

Kwa hiyo mpiga solo wa benga anadai mambo matatu kwa amplifaya. Ibaki safi inapopandishwa sauti. Iwe na mwili wa kutosha kati ya hezi 400 na 1,000 ili noti isiwe sindano tupu. Na iwe na ukali kati ya 2,000 na 4,000 bila kumtoboa masikio aliyekaa mstari wa mbele.

Fender: shimo lililo kwenye freti ya tatu

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba nobu za Fender haziongezi kitu. Saketi yake ni ya kapasita na rezista peke yake, haina nguvu yoyote ndani, na kazi yake yote ni kupunguza. Kapasita ndogo hupitisha masafa ya juu kwenda kwenye trebo, kapasita kubwa hupitisha ya chini kwenda kwenye besi, na yaliyo katikati hudondoka kati ya njia hizo mbili. Ukiipandisha trebo, unachofanya ni kuacha kuikata.

Matokeo yake ni shimo kwenye midi, na kwenye Fender za kizazi cha 1963, zile za Twin Reverb na Deluxe Reverb, shimo hilo liko karibu na hezi 400. Chukua gitaa utafute hapo ni wapi. Uzi mwembamba, freti ya 3, ni hezi 392. Freti ya 5 ni 440. Hapo ndipo vidole vya benga vinapozunguka muda mwingi. Mpiga solo anayeweka besi 7, midi 3, trebo 7 kwa sababu chumbani inasikika pana na tamu, amezikata noti zake mwenyewe kiunoni. Chumbani hajui, kwa sababu yuko peke yake. Besi na dramu zikiingia, besi ya amplifaya yake inamezwa na gitaa la besi, trebo inamezwa na matoazi, na palipobaki hapana kitu.

Dawa iko kwenye nobu ya midi, na hapa ndipo Fender mbili zinazofanana kwa sauti zinapoachana. Twin Reverb ina nobu ya midi. Deluxe Reverb ya asili haina. Ndani yake midi imefungwa kwa rezista isiyobadilika ya kiloomu 6.8, na humo ndimo utakamoishi. Kwa ridhimu ya rumba, inayotaka kukaa kando na kumwachia mwimbaji nafasi, sina neno na Deluxe, inapendeza sana. Kwa solo ya benga namshauri mtu atafute Fender, au nakala yake, yenye nobu tatu kamili. Wati 85 za Twin zinabaki safi pale ambapo wati 22 za Deluxe zimeshaanza kukwaruza, na hiyo ni sababu ya pili.

Kwenye Fender yenye midi naanza hivi: besi 3, midi 8, trebo 5. Watu hushtuka wakiona midi imepanda hivyo. Lakini kumbuka kwamba saketi hii hukata tu, na midi ikiwa 8 haijazidi. Ndiyo kwanza inakaribia kurudishwa mahali pake. Amplifaya pia itapiga kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu kilichokuwa kinapotea sasa kinapita.

Na uanze na trebo kila mara. Kwenye mpangilio huu nobu hazijitegemei. Trebo ikipita 7, ishara nyingi inapita njia yake na nobu za besi na midi zinalegea. Utazizungusha usione tofauti kubwa. Panga trebo kwanza, kisha midi, besi iwe ya mwisho.

Marshall: shimo limesogea

Marshall ya kwanza, JTM45 ya mwaka 1962, ilijengwa London kwa kufuata Fender Bassman, kwa hiyo undugu wao si wa kubahatisha. Kilichobadilika kadiri miaka ilivyokwenda ni thamani za vipande. Rezista moja inayoamua kina cha shimo ni kiloomu 100 kwenye Fender za miaka ya 1960. Kwenye Marshall zilizofuata iko kiloomu 33. Kwa mabadiliko hayo midi nyingi zaidi inapita, na shimo linahama hadi hezi 600 au 700 hivi. Freti ya 12 ya uzi mwembamba, ile ya hezi 659, imo humo.

Kwa sikio, Marshall iko mbele ya uso wako. Midi ikiwa 5 tu tayari ina mwili ambao Fender inaupata ikiwa 8. Kwa nini basi nisimpe mpiga benga? Kwa sababu ya usafi. Marshall ilipendwa na watu wa roki kwa vile inakwaruza vizuri inapobanwa, na noti za haraka za benga zikikwaruzwa zinashikamana; kile kilichokuwa noti nane kinakuwa mngurumo mmoja. Kijana wa Nakuru anayepiga nyimbo za kusifu zenye gitaa zito la distosheni namwambia achukue Marshall bila kusita. Mpiga solo wa benga atalazimika kuishusha geini (nguvu ya ishara inapoingia) chini sana na kutegemea nobu ya sauti ya mwisho, na hata hapo atakuwa anaishi na amplifaya inayotamani kufanya kazi nyingine.

Kuna pia nobu ya presensi, ambayo haiko pamoja na zile tatu. Yenyewe inafanya kazi kwenye hatua ya mwisho ya amplifaya, inaongeza makali ya juu kabisa, na unaisikia zaidi sauti ikiwa kubwa. Iache chini, 2 au 3, hadi uwe jukwaani. Ukiipanga nyumbani, utaumiza watu ukumbini.

Vox: nobu inayokwenda kinyume

Vox AC30 ilitoka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, na chaneli yake ya Top Boost ikafuata miaka ya 1960 ilipoanza. Chaneli hiyo ina trebo na besi peke yake. Midi haina nobu, lakini ipo, na inaongozwa na zile mbili. Ukizipandisha zote mbili hadi mwisho, midi inazama sana. Ukizishusha zote mbili, midi inajitokeza na sauti inakuwa nene. Ukielewa hilo umeielewa Vox: anayetaka mwili asitafute nobu ya midi, ashushe besi.

Halafu iko nobu iliyoandikwa Cut. Hiyo hukata trebo ya amplifaya nzima, na inakwenda kinyume na mazoea: kadiri unavyoizungusha kulia ndivyo sauti inavyofifia makali. Mtu asiyejua huiacha sifuri, trebo inatoboa, anaishusha trebo kwenye Top Boost, mwili wa sauti unabadilika, anachanganyikiwa. Afadhali uweke trebo 5, besi 3, kisha utumie Cut kulainisha ukumbi wenye makelele. Mimi huanzia 4.

Mlio wa Vox naupenda kwa dhati. Una mng'ao wa kengele unaofaa benga kuliko Marshall, na noti zinatengana. Shida yake ni mbili. Wati 30 za vali (zile taa za kioo zinazokuza sauti ndani ya amplifaya), ukiwa nje kwenye uwanja na besi nzito, zitaanza kukwaruza kabla hujafika unapotaka, isipokuwa ukiwekewa maikrofoni. Na ni nzito kubeba kwenye probox kutoka Kondele hadi Bondo kila wikendi. Anayepiga ndani ya hoteli au kanisani, na anaweza kuiacha palepale, asiiogope.

Roland Jazz Chorus: transista isiyotaka kukwaruza

Roland JC-120 ilianza kuuzwa mwaka 1975. Haina vali, ni transista tupu, wati 120, spika mbili za inchi 12. Nobu zake tatu za sauti zinafuata mtindo uleule wa Fender, wa kukata tu, kwa hiyo yote niliyosema kuhusu midi yanahusu hapa pia: besi 4, midi 8, trebo 5, na swichi ya kung'arisha iwe imezimwa hadi uhakikishe unaihitaji.

Tofauti na Fender iko kwenye tabia ya sauti ikipanda. Fender ya vali inalainika kidogo unapoibana, na noti zinapata utamu. Roland haibadiliki. Kile ulichokisikia kwenye 3 ndicho utakachokisikia kwenye 6, kimekuwa kikubwa tu. Wapenzi wa vali wanasema ni baridi. Kwa roki huenda wana haki. Kwa benga, ambako kila noti inatakiwa kusimama, ubaridi huo ndio ninaoutafuta. Korasi yake ya ndani nayo si ya kawaida: spika moja inatoa sauti kavu, nyingine inatoa sauti iliyochezeshwa kidogo, na zinachanganyika hewani. Kwa ridhimu ya rumba ni tamu mno. Kwa solo ya benga izime, kwa sababu inazichanganya noti za haraka.

Zaidi ya sauti, kuna maisha yenyewe ya bendi huku kwetu. Vali ni za kioo, barabara zina mashimo, na umeme wa jenereta unapanda na kushuka. Stima ikipotea katikati ya wimbo na kurudi, amplifaya ya vali inahitaji muda ipate joto tena. Ya transista inaamka papo hapo. Vali zikichoka zinabadilishwa, na kabla ya kununua Twin au AC30 ni lazima ujue utazipata wapi, maana duka la kawaida la redio halitakuwa nazo. JC-120 ina uzito wa kilo 28 hivi, si mzigo mdogo. Dada yake mdogo, JC-40, ni kama kilo 16 na anatosha kwa ukumbi wa wastani, hasa kukiwa na maikrofoni mbele yake.

Kati ya hizi nne, kwa mtu anayepiga solo ya benga na kusafiri nayo, mimi nachagua Roland. Fender yenye nobu tatu inafuata kwa karibu, na kama bendi ina pa kuiweka na haizunguki sana, naweza kuipandisha juu. Vox ni ya tatu kwa sababu ya uchache wa nguvu, wala si kwa sababu ya sauti yake. Marshall ni ya kazi nyingine.

Mashine za kidijitali kama Boss Katana, iliyotoka 2016, zinaiga tabia hizi kwenye kasha moja. Ile ya wati 50 inaweza kushushwa hadi nusu wati kwa mazoezi ya usiku nyumbani, na hilo ni jambo kubwa kwa anayeishi ploti yenye majirani ukuta kwa ukuta. Chagua sauti safi na uipange kwa kanuni zilezile.

Gitaa kavu, omutibo, na miksa ya kanisa

Hapa mambo yanageuka. Anayepiga omutibo, ule mtindo wa Waluhya ambao George Mukabi aliufikisha mbali kabla ya kufa mwaka 1963, hatumii gitaa la umeme. Dole gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba juu, na chupa ya soda inapiga mdundo pembeni. Sauti ya sanduku la mbao ndiyo muziki wenyewe. Ukilichomeka gitaa hilo kwenye Fender, shimo la hezi 400 linaondoa mbao na kukuachia waya.

Huyu anahitaji saketi ya aina nyingine, ile ya Baxandall. Peter Baxandall, mhandisi wa Uingereza, aliichapisha mwaka 1952, na tangu hapo imeingia kwenye redio, miksa na amplifaya nyingi za kinanda na gitaa kavu. Nobu zake zikiwa katikati hazifanyi chochote. Sauti inapita kama ilivyo. Ukienda kulia inaongeza kweli, ukienda kushoto inakata kweli, na besi na trebo haziingiliani sana. Midi haiguswi. Kwa gitaa kavu acha kila kitu katikati, kisha shusha besi kidogo, kwa sababu hewa ndani ya sanduku la gitaa hutetemeka karibu na hezi 100 na hapo ndipo mlio wa kurudi huanzia spika zikiwa karibu.

Kwa wanaochomeka kwenye miksa, kama inavyofanyika makanisani mengi kutoka Nakuru hadi Kakamega, angalia namba. Miksa nyingi ndogo zina besi ya hezi 80, midi ya 2,500 na trebo ya 12,000. Ile ya 80 iko kwenye noti ya chini kabisa ya gitaa. Ipunguze na utakuwa umempa mpiga besi nafasi yake bila kupoteza chochote cha maana. Ile ya 12,000 iko juu sana kuliko spika yoyote ya gitaa inavyofika, na gitaa la umeme lililochomekwa moja kwa moja linatoboa kwa sababu spika za ukumbi zinapitisha masafa hayo yote bila kuyachuja. Ishushe kwa ujasiri. Imebaki ya 2,500, na hiyo ndiyo utakayoichezea. Usisahau pia kisanduku cha DI, kinacholinganisha ishara ya gitaa na tundu la miksa, kati ya hivyo viwili: pikapu za sumaku hazipatani na tundu la kawaida la miksa, zinafifia, na hakuna nobu itakayorudisha kilichopotelea hapo.

Chumbani si uwanjani

Sikio la binadamu halisikii sawasawa sauti ikiwa ndogo. Fletcher na Munson walilipima jambo hili Marekani na kulichapisha mwaka 1933: kwa sauti ya chini tunazipoteza besi na trebo, kwa sauti kubwa zinarudi. Ndiyo maana mpangilio uliopendeza chumbani, besi na trebo zikiwa juu, unageuka mngurumo na sindano jukwaani. Panga nobu kwa sauti utakayopigia. Haiwezekani? Basi anza na besi chini kuliko moyo unavyotaka.

Ukumbi nao una neno lake. Kwenye kanisa la mabati, trebo inagonga paa na kurudi. Ishushe moja au mbili. Amplifaya ikiwekwa kwenye kona, besi inapanda yenyewe. Nje, kwenye harusi au matanga chini ya hema, hakuna ukuta wa kurudisha chochote, na besi inakwenda zake kuelekea ziwani. Hapo mtu hutamani kuipandisha hadi 9. Asifanye hivyo; atakachopata ni spika inayohangaika. Apandishe midi.

Na simama mahali pa haki unapopanga. Trebo inatoka kwenye spika ikiwa imenyooka kama mshale, na amplifaya iliyo sakafuni inapiga magoti yako. Wewe uliyesimama juu unasikia sauti nzito, unapandisha trebo, na mama aliyekaa mbele anaziba masikio. Iweke juu ya kreti ya soda au iinamishe nyuma ikutazame usoni. Kwa wapiga gitaa wengi ninaowasikia, kreti peke yake inatengeneza zaidi ya nobu yoyote.

Dukani

Nenda na gitaa lako na waya wako, siyo la duka. Chomeka, kisha shusha besi, midi na trebo hadi sifuri, zote tatu. Sauti ikipotea kabisa au karibu kabisa, umepata saketi ya mtindo wa Fender na Marshall: midi yake utaipandisha juu. Sauti ikibaki, imefifia juu na chini lakini ipo, kuna uwezekano mkubwa ni ya mtindo wa Baxandall, na katikati ndipo nyumbani kwake. Ikiwa nobu ni mbili na zikiwa sifuri sauti bado ni nene, huenda ni ya mtindo wa Vox. Muuzaji asipokuwa na jibu, jaribio hili linakupa.

Kisha omba uipandishe sauti, dakika mbili tu, hata kama jirani wa duka atachungulia. Piga kifungu cha haraka cha noti mojamoja kuanzia freti ya 3 hadi ya 12 kwenye nyuzi mbili nyembamba, na usikilize kama kila noti ina uzito sawa. Baadhi zikizama, ongeza midi urudie. Zikizama bado, iache amplifaya hiyo hapo ilipo.

Kama ni ya mitumba, igeuze usome nyuma. Kenya tunatumia volti 240. Ya Marekani imeandikwa 120, ya Japani 100, na ukiichomeka ukutani bila transfoma ya kushusha umeme utainunua mara mbili. Transfoma hiyo iwe na wati zaidi ya zile amplifaya inazokula kutoka ukutani, zilizoandikwa nyuma, ambazo ni nyingi kuliko zile inazotoa kwenye spika. Na fundi wa redio akikuambia anaweza kubadilisha ile rezista ya kiloomu 100 ili Fender yako ipate midi ya Marshall, anaweza kweli, ni kazi ndogo. Lakini hakikisha ni mtu anayezijua vali. Kapasita za amplifaya hizo hushika volti zaidi ya 400 hata baada ya kuchomolewa, na zinaua. Muulize kwanza atazimwaga vipi kabla ya kugusa. Asipokuwa na jibu, chukua amplifaya yako uondoke.